Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, Assalamu alaykum.

Shughuli za kawaida za jumuiya yetu hapa Wete, Pemba, mnazijua, sitozirefusha. Njia ya makaburini imefyekwa, khitma mbili zimesomwa, wagonjwa wamesaidiwa. Miche ya mikarafuu niliifuatilia mwenyewe mpaka ikaletwa, ingawa siku ya kuigawa walikuja watu wengi ambao sijapata kuwaona kwenye kikao.

Mwaka ulianza na akiba ya shilingi 3,150,000. Ada zilizopatikana ni 1,204,000, khitma na wagonjwa zimechukua 860,000, mikopo 2,400,000, na marejesho ni 1,650,000. Sasa zimo 2,744,000. Wanachama tuko 214, waliomaliza ada ni 61. Ada yenyewe ni shilingi elfu moja kwa mwezi, na vocha ya simu ya bei hiyo hamuinunui kwa mafungu.

Sasa nije kwenye lile linalosemwa barazani na dukani, ila kikaoni halisemwi: kwamba mwenyekiti kachukua fedha za maafa akawagawia watu wake.

Kila mmoja wetu anajua umasikini wa hapa unavyoanza. Watu wa mjini husema Wapemba wa shamba ni wavivu. Aliyepanda mkarafuu akiwa hana hakika kama tawi litamhimili hawezi kuitwa mvivu. Tatizo ni kwamba shida hazingoji msimu. Masika mvua imekaza, bahari haiendeki, mtoto anatakiwa akaripoti skuli Unguja, au mzazi kapelekwa hospitali Chake. Ndani hamna kitu. Nje ipo mikarafuu, bado haijatoa hata kikonyo. Ndipo anapokwenda kwa tajiri na kukodisha miti kwa bei anayoitaka tajiri, si mwenye miti.

Mwanachama mwenzetu mmoja, simtaji, alikodisha mikarafuu sita kwa ajili ya mke wake aliyejifungua kwa upasuaji. Msimu ulipofika nilimkuta juu ya mkarafuu aliopanda marehemu baba yake, anachuma kwa kulipwa kwa pishi, kibarua kwenye miti yake mwenyewe. Chini, mkewe na mtoto mgongoni anachambua makonyo ya karafuu za mtu mwingine. Jamvi walilolianikia ndilo pekee lililokuwa lao. Karafuu zikapelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, fedha akachukua tajiri, na wao masika iliyofuata wakaanza upya.

Hizi eka tatu walizopewa wazee wetu baada ya Mapinduzi ya 1964 zimeshakuwa na warithi wa tumbo la tatu. Mtu ana miti mitano, minane akiwa na bahati, na mkarafuu wenyewe hauzai vyema kila mwaka. Ukiikodisha katika mwaka uliozaa, umekula mtaji wa miaka miwili au mitatu mbele. Kina mama wa mwani nao hawana nafuu. Zao hili lilipoingia mwaka 1989 liliwapa fedha mkononi mwao, lakini maji yanapata moto, ile aina nene yenye bei inakatika kambani, na bei ya ile nyembamba haifiki popote. Vijana wanaondoka kwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, au Unguja.

Kwa hiyo kamati, chini ya uongozi wangu, kwa ile mikopo ya 2,400,000 ilikomboa kutoka kwa matajiri mikarafuu 43 ya kaya tisa. Hao “watu wangu” tisa, wawili ndio ndugu zangu, na mmoja wao hatusalimiani. Waliosema ni riba nawajibu kwamba tulikwenda kwa sheikh kabla hata senti haijatoka: aliyekopa laki mbili anarejesha laki mbili, hakuna ziada. Fedha za maafa, mnasema. Naomba mnieleze maafa ni nini, kama si mtu kuvunwa shamba lake akiwa hai?

Zimebaki 750,000 nje. Waliochelewa ni watatu, mvua iliwaharibia karafuu jamvini, na wameahidi vuli. Nawaamini.

Kikao cha kupitisha jambo hili kiliitishwa mara mbili na sheha alitangaza. Mara ya kwanza tulikuwa kumi na moja, mara ya pili tisa. Maulidi ya mwezi uliofuata, sufuria mbili za biriani hazikutosha. Aliyekuwa na pingamizi alikuwa na nafasi ya kulisema.

Mwakani, inshaallah, tunatarajia kuuendeleza mfuko huu, kupata majamvi ya jumuiya, na kuwatazama kina mama wa mwani kadiri hali itakavyoruhusu.

Madaftari yapo kwa mshika fedha. Anayetaka kuyakagua aende baada ya sala ya Ijumaa, achukue na ada yake.

Mwenyekiti