Mama wa Mahuta alitembea: barua kwa binti wa dada yangu

Mwanangu,

Salamu zako zimenifika, na huku Mtwara sote ni wazima. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali lako wameniuliza na wengine, hasa walimu wa madarasa ya chini. Umepewa kazi ya kuandaa hadithi za watoto hapo Lindi, na unasema umechoka. Kila hadithi unayoishika, mvulana ndiye anayeondoka nyumbani na msichana ndiye anayekutwa. Anakutwa kisimani, anakutwa mnarani, anakutwa amelala. Ukaniuliza kama kuna hadithi ambayo mwanamke ndiye mwenye safari, au itakubidi uitunge mwenyewe.

Zipo, mwanangu. Na mojawapo ni ya kwetu kabisa, ila imekuwa ikisimuliwa kama kisa cha mwanamume.

Wenye kusoma mambo haya watakutajia kwanza Joseph Campbell, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1949 kitabu cha kulinganisha visa vya mashujaa wa mataifa mengi. Alisema vinafuata njia moja: mtu anaitwa, anavuka mpaka, anapambana, anarudi na tunu kwa watu wake. Baadaye Maureen Murdock, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuwasaidia wenye mizigo ya moyo, alimwendea akamwuliza safari ya mwanamke ikoje. Kwa maelezo ya Murdock, mzee alimjibu kwamba mwanamke hana haja ya safari, kwa kuwa yeye ndiye mahali ambapo wengine wanajitahidi kufika. Murdock hakuridhika, na mwaka 1990 akatoa kitabu chake kuhusu safari ya shujaa wa kike. Mimi nami siridhiki, na sababu yangu iko Mahuta ya Tandahimba.

Kisa hiki kiliandikwa na Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906. Hapo zamani Mahuta palikuwa pori tupu. Akatokea humo mtu asiyeoga wala kunyoa, anakula kidogo na kunywa kidogo. Akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaipeleka kwenye makao yake, akaisimamisha wima. Usiku ile sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakateremka wawili hadi mto Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto, akazaliwa amekufa. Wakahama, wakapita nchi ya juu mpaka bonde la Mbwemkuru. Akajifungua tena, na huyo naye hakuwa hai. Wakarudi juu porini Mahuta. Mtoto wa tatu akazaliwa akaishi, na kutoka kwake na wadogo zake ndiko walikotoka Wamakonde.

Watu wakikisimulia, mara nyingi wanakaa kwa yule mchongaji. Nawaelewa, maana uchongaji ni fahari yetu. Lakini soma tena ukiwa na macho ya mama. Mwanzoni kweli yeye ni kitu kilichosimamishwa mahali, kama alivyodhani Campbell. Kisha anaamka, na tangu hapo hakai. Wewe uko Lindi. Ukipanda basi la Dar unauvuka mto Mbwemkuru, basi unajua ulivyo mbali na Ruvuma. Ni zaidi ya kilomita 100 hata ndege akikata moja kwa moja, na huyu aliitembea na mimba, akiwa ametoka kuzika. Mwanamume alitembea pia, sikatai. Ila uzito wa safari ile ulikuwa mwilini mwa nani? Kabila zima limeanzia kwenye miguu ya mwanamke aliyefiwa mara mbili akakubali kupanda mlima tena.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya visa hivi na vile vya kuua joka. Katika hadithi nyingi kongwe za wanawake, safari ni ya kuteremka. Shujaa anashuka chini, kule chini anapungukiwa, kisha anapanda na kitu ambacho wa juu hawakuwa nacho.

Chukua kisa cha Inanna, mungu wa kike wa Wasumeri, watu waliokaa kusini mwa nchi tunayoiita leo Iraki. Vibao vya udongo vyenye kisa chake vina umri unaokaribia miaka 4,000. Inanna anaamua kwenda kuzimu anakotawala dada yake Ereshkigal. Kabla hajaondoka anamwachia maagizo mtumishi wake Ninshubur: nisiporudi, piga mbiu, ukaombe msaada. Kuzimu kuna milango saba. Kwenye kila mlango anavuliwa kitu: taji, shanga, pambo la kifuani, mpaka wa saba anavuliwa vazi lenyewe. Anafika mbele ya dada yake akiwa uchi, anahukumiwa, anakufa, na maiti yake inatundikwa kwenye ndoano.

Siku tatu zikapita. Ninshubur akafanya kama alivyoagizwa. Miungu wawili wakamkatalia. Wa tatu, Enki, akakwangua uchafu uliokuwa chini ya kucha zake, akaumba viumbe wawili wadogo, akawatuma chini. Na sasa sikiliza walivyomwokoa Inanna, maana hapa ndipo ninaposimama kila nikikisoma kisa hiki. Hawakupigana na mtu. Walimkuta Ereshkigal amelala anaugulia kwa ajili ya watoto wake. Akisema ole wa moyo wangu, nao wanasema ole wa moyo wako. Akisema ole wa ini langu, nao vivyo hivyo. Walikaa naye kwenye kilio chake kama wanavyokaa wanawake wetu kwenye mkeka wa msiba, hawana dawa ya kutoa, wanaitikia tu. Malkia wa kuzimu, ambaye hakuna aliyewahi kumpa pole, akauliza: nyinyi ni nani, niwape nini? Wakaomba ile maiti. Wakaipata, wakaihuisha.

Ninapomfikiria mama wa Mahuta kando ya Ruvuma, namfikiria na Ereshkigal. Yule anayelia chini na yule anayepanda juu wanaweza kuwa mtu mmoja. Katika kazi yako usimfiche anayelia. Watoto wa darasa la pili wameshahudhuria misiba, wanajua.

Usidhani pia kwamba visa vya aina hii ni vya Ulaya na Mashariki ya Kati tu, sisi tumebaki kuazima. Kisa cha Psyche, ambacho Wazungu wamekichora kwenye kuta na dari zao kwa karne nyingi, kiliandikwa na mwana wa Afrika. Apuleius alizaliwa Madauros, mahali palipo leo katika nchi ya Algeria, katika karne ya 2. Na ndani ya kitabu chake anayekisimulia ni bibi kizee, anambembeleza msichana aliyetekwa na majambazi.

Psyche ni msichana aliyempoteza mume, na mama mkwe wake, Venus, mungu wa kike wa mapenzi, anampa kazi za kumkomoa. Atenganishe lundo la nafaka zilizochanganywa, kabla jioni haijaingia, sisimizi wakamsaidia. Alete manyoya ya dhahabu ya kondoo wakali. Unyasi wa mtoni ukamnong'oneza asubiri wapoe, kisha ayaokote yaliyonasa vichakani. Ateke maji ya mto Styx, mto wa kuzimu, unaoporomoka kwenye jabali lisilopandika. Tai akachukua chombo akamtekea. Mwishowe ashuke kuzimu akalete kijaluba cha uzuri. Na muda wote huo alikuwa mjamzito. Watu husahau hilo, kama walivyosahau la Mahuta. Mwisho wa kisa akajifungua binti.

Ile kazi ya tatu mimi siwezi kuisoma kama ndoto ya kale. Uwanda wa juu wa Makonde hauna mito. Mvua ikinyesha, maji yanazama mchangani. Kabla mabomba hayajafika, bibi zetu wa Newala waliteremka ukingo wa mlima mpaka bondeni, wakachota, wakapanda. Mama yako na mimi tulikuta bado bibi yetu ana mwendo ule: shingo haitikisiki, magoti yanafanya kazi yote. Alitufundisha kusokota kata ya majani, kuiweka utosini, kisha kuweka kijitawi kibichi kielee juu ya maji mtungini ili yasimwagike njiani. Hakupata tai wa kumtekea. Ukitaka picha ya msichana anayeshuka na kupanda na uhai kichwani, unayo, na watoto wa Newala wataitambua.

Hadithi za Wazungu zenyewe usizitupe zote kwa sababu ya Mrembo Aliyelala. Ndugu Grimm, walioanza kuchapisha mwaka 1812, wana ile ya kunguru saba, ambapo binti mdogo anakwenda mpaka mwisho wa dunia, kwa jua, kwa mwezi, kwa nyota, kuwatafuta kaka zake. Amepewa kifupa cha kufungulia mlima wa kioo, anafika, hakioni. Anakata kidole chake mwenyewe, anafanya ufunguo. Kwa watoto wadogo ipunguzie ukali, lakini usimwondolee uamuzi wake. Zile za binti kunyamaza miaka na miaka ili kuokoa kaka zake, kwa mfano ya mabata maji sita, mimi ningeziacha kwanza. Wasichana wetu wamefundishwa kunyamaza vya kutosha.

Na ukifungua tungo zetu za pwani, mtafute anayetembea nyuma ya shujaa. Liyongo Fumo kafungwa gerezani, wote tunamwimba Liyongo. Nani alikuwa akienda na kurudi kati ya gereza na nyumba ya mama yake, walinzi wakimnyang'anya chakula kizuri njiani? Kijakazi Saada. Nani alibeba mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani, ambao walinzi waliudharau wakauacha upite? Saada huyohuyo. Pingu za Liyongo zilikatwa kwa tupa iliyopita mikononi mwa mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwa huru. Kama ningekuwa wewe, hiyo ningeiandika mwezi huu, nikiianzia jikoni kwa mama Liyongo, nikifuatana na Saada hatua kwa hatua.

Uliniuliza pia kuhusu unyago. Ya ndani yabaki ndani, unajua. Ila umbo lake la nje kila mtu analiona: binti anatengwa na watoto wenzake, anawekwa chini ya kungwi, anafundishwa, kisha anatolewa kwa ngoma, ametiwa mafuta na nguo mpya, na kijiji kinampokea kama mtu mwingine. Ni kushuka na kupanda. Kinachoniuma ni pale binti anapotolewa leo, kesho anaozwa, daftari la shule limebaki darini. Huko ni kumkata mtu safari alipofika tu mlangoni. Mama wa Mahuta hakuishia Ruvuma. Inanna alipopanda alimkuta mume wake Dumuzi amekaa kitini kwa mavazi ya kupendeza, hana habari ya msiba. Na kwa kuwa atokaye kuzimu sharti atoe mtu wa kushuka badala yake, Inanna akasema: huyu ndiye atakayeshuka badala yangu. Sikuombi umfundishe mtoto hasira ile, lakini aonyeshwe kwamba anayerudi anayo kauli.

Basi anza na Mahuta. Maandishi ya Weule hayakumpa yule mama jina, na hayasemi alisema nini pale Mbwemkuru walipoamua kurudi. Mabibi wa huko huenda wanayo ambayo mgeni hakuambiwa. Nitakwenda nawe, nauli ya kutoka Mtwara hadi Tandahimba niachie mimi. Njoo kabla korosho hazijaanza kudondoka, maana zikianza hakuna bibi atakayepata nafasi ya kukaa chini atusimulie.

Mama yako mdogo,
Mtwara