Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Mary Leakey na Michoro ya Kolo

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Sisi wanachama wa Klabu ya Historia tunakukaribisha kwa mikono miwili hapa Kondoa. Maonesho unayotufungulia leo yanamhusu Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyezaliwa London mwaka 1913.

Mama huyu hakuwa na shahada ya kusomea. Baba yake alikuwa mchoraji, na alimpeleka angali mtoto kuona mapango ya kale ya Ufaransa. Kilichomfungulia milango ni kalamu: alichora zana za mawe kwa usahihi hata wataalamu wakamtafuta awachoree.

Wengi wanamjua kwa Olduvai, bonde la kaskazini mwa Tanzania. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis akiwa mgonjwa kambini, Mary aliona mfupa umechomoza kwenye mteremko. Akapangusa udongo, akakuta meno mawili makubwa yangali kwenye taya. Ndilo fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Mwaka 1978, huko Laetoli, timu yake ilikuta nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita.

Lakini sisi wa Kondoa tunaye Mary wetu. Mwaka 1951 alipiga kambi huku, akawa anapanda miambani, anaweka karatasi angavu juu ya michoro na kufuatisha mstari kwa mstari: twiga, pofu, watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu, wote kwa rangi nyekundu. Kwetu kazi hiyo ina uzito uleule wa fuvu, kwa kuwa jua na mvua havijaacha kuifuta michoro yenyewe.

Mheshimiwa, michoro hii iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Hata hivyo, wapo wanaochimba chini ya miamba wakitafuta eti mali ya Wajerumani, na wapo wanaokwaruza majina yao ukutani. Inatuuma sana. Inatuuma pia kwamba wenzetu wengi hawajafika Kolo, penye michoro hiyo, kwa kukosa usafiri tu.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata gari la kutupeleka huko kila muhula, pamoja na karatasi na rangi, ili tuchore tunachokiona bila kuugusa mwamba. Milango ya klabu iko wazi, na daftari letu la michoro liko mezani ulikague.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.