Barua kwa Wandera kuhusu chupa ya akili

Busia, Jumapili jioni

Wandera mwanangu,

Salamu zako tumezipata, na sisi huku hatujambo. Mvua imerudi, mihogo ya nyuma ya nyumba imeanza kushika.

Zile shilingi 85,000 ulizoomba za chupa ya dawa ya akili sizitumi. Picha uliyotuma kwa simu ya mwalimu wa zamu nimeikuza mpaka nikasoma maandishi yote: “Ina protini ya kukuza neva, huamsha seli za ubongo.” Aliyeandika hakudanganya moja kwa moja, ndiyo maana anauza. Protini hiyo ipo, na kazi yake ni kubwa. Ila wewe ndiye mtu wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, basi niambie: protini ikimezwa inafika wapi? Tumboni inakutana na kimeng'enya cha pepsini, kwenye utumbo inakutana na kingine cha tripsini, na mpaka kuingia kwenye damu imeshakatwakatwa kuwa asidi amino, sawasawa na zile za maharagwe mnayokula na posho, yaani ugali. Hata ingepita nzima, kati ya damu na ubongo kuna ukuta wa seli zilizobanana, na molekuli kubwa kama ile haipenyi hivi hivi. Bei ya chupa mbili hizo ni karo ya mtu.

Nisingependa lakini uichukie protini yenyewe kwa sababu ya wachuuzi. Aliyeigundua alikuwa mwanamke wa Italia, Rita Levi-Montalcini, aliyezaliwa Turin mwaka 1909. Mwaka 1938 sheria za Mussolini ziliwafukuza Wayahudi vyuoni, naye akiwemo. Akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Vyombo vyake vya upasuaji vilikuwa sindano za kushonea zilizonolewa, na kitu cha kuchunguza kilikuwa mayai ya kuku. Mabomu yalipozidi mjini, familia ikahamia shamba, naye akawa anazunguka kwa wakulima kuomba mayai. Kilichobaki baada ya uchunguzi kililiwa. Vita havina kuchagua.

Wewe unalijua yai la siku ya nne. Ukilimulika kwa tochi gizani, kama tunavyofanya kutoa mayai viza, unaona nukta inayodunda na mishipa myembamba imetandaa. Katika umri wa karibu na huo ndipo Rita alipokata kichipukizi ambacho kingekuwa bawa au mguu. Mwenzake aliyetangulia, Viktor Hamburger, Mjerumani aliyehamia Marekani, alishafanya hivyo akakuta seli za neva za upande uliokatwa zimepungua sana. Yeye alidhani kwamba kiungo kikikosekana, seli hazipati amri ya kutengenezwa. Rita hakungoja mwisho. Alifungua mayai ya siku mbalimbali, akakata vipande vyembamba, akavitia rangi yenye madini ya fedha, akahesabu. Kumbe seli zinazaliwa vizuri tu! Zinanyoosha nyuzi zao kuelekea kiungo, zinafika pale hazimkuti mwenyeji, ndipo zinakufa.

Soma sentensi hiyo mara mbili, mwanangu, maana ndani yake mna habari yote. Hata kwenye kiumbe kizima seli za neva huzaliwa kwa wingi kuliko zinazohitajika, na katika makundi mengi karibu nusu hufa kabla ya kukomaa. Kila seli imebeba mpango wa kujiua, na kinachouzuia ni kitu inachopokea kule uzi wake ulikofika: ngozi, msuli wa moyo, tezi, au seli nyingine ya neva. Kitu hicho ni kidogo, hakiwatoshi wote. Kinanaswa na vipokezi kwenye ncha ya uzi, kisha kinasafirishwa kurudi nyuma mpaka kwenye kiini. Neva inayokupa hisia ya kidole gumba cha mguu ina kiini chake karibu na uti wa mgongo, umbali wa karibu mita nzima kwa mtu mzima! Ni kama nyumba za huku kwetu ambazo kijana wao yuko Kampala: nyumba inasimama kwa anachotuma, na asipopata kazi huko, jiko hapa linazimika.

Mwaka 1947 Hamburger alimwalika Rita aende St. Louis, Marekani, wabishane vizuri ana kwa ana. Mwaka 1952 akaenda Rio de Janeiro na panya wenye uvimbe, akaweka kipande cha uvimbe karibu na vifundo vya neva vya kifaranga bila kugusana. Ndani ya siku moja nyuzi zilikuwa zimechipua pande zote. Kuna kitu kilikuwa kinatoka kwenye uvimbe. Mwanakemia Stanley Cohen akasaidia kukitafuta. Wakatia sumu ya nyoka kwa nia ya kuvunja asidi za kiini, yaani DNA na RNA, na sumu yenyewe ikakuza neva kuliko uvimbe. Hapo Cohen akawaza tezi za mate za panya dume, akazikuta zimejaa protini ileile. Ndiyo mnayoiita NGF, ile protini ya kukuza neva iliyotajwa kwenye chupa. Rita na Cohen walipewa Nobel mwaka 1986. Ndugu yake wa ndani ya ubongo, protini iitwayo BDNF inayolea seli za neva, alipatikana mwaka 1982 kutoka ubongo wa nguruwe.

Mimi kama mkunga, kinachonigusa zaidi ni watoto wanaozaliwa na kipokezi cha NGF kilichoharibika. Neva za maumivu zinakosa ujumbe, zinakufa kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto huyo anajing'ata ulimi mpaka damu huku anacheka, anatembelea mfupa uliovunjika, na kwa kuwa hatoi jasho, homa ya kawaida inaweza kumuua. Kinyume chake, watu wazima waliochomwa sindano za NGF walilalamika maumivu. Kwa hiyo hata kusema “iongezwe tu” ni maneno ya sokoni. Dawa yake inayokubalika ni ya kudondosha kwenye jicho ambalo neva zake zimekufa ganzi. Ilipitishwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018. Inawekwa palepale inapohitajika.

Ukitaka BDNF, ubongo unaitengeneza wenyewe, na mazoezi huchangia. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee 120: waliotembea kwa kasi mwaka mzima, hipokampasi yao, sehemu ya kumbukumbu, ilikua kwa takriban asilimia 2. Utafiti mmoja si msahafu, lakini hata kama ungekuwa umekosea, kutembea hakuna hasara. Kwa hiyo rudi uwanjani. Tangu uingie S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, umeacha mpira, unakesha na vitabu, halafu unaniomba chupa.

Umeuliza pia kama protini hii ingemfaa Bibi. Swali zuri. Seli fulani chini ya ubongo, zinazodhoofika mapema katika ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, zinaitegemea NGF kweli. Marekani walijaribu kupenyeza jeni yake kwa sindano ndani ya ubongo wa wagonjwa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2018 hayakuonyesha nafuu, na baadaye ubongo wa waliofariki ulipochunguzwa, ikaonekana dawa haikuzifikia seli zilizolengwa. Wanaendelea kutafuta namna ya kuzifikia.

Bibi bado anakula vizuri na anaimba. Siku hizi ananiita kwa jina la dada yake, nami naitika. Ukija likizo na akakuita Ouma, itika, kisha mchukue mtembee hadi kwa mama wa samaki. Njia hiyo hajaisahau.

Mama yako