Wale watu 300 wa kijana wangu

Swahiba wangu,

Salaam nyingi. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na najua mara ya mwisho uliniuliza jambo la maana mimi nikakujibu kwa kidole gumba. Nisamehe. Sisi wazima, kikohozi kimeisha, Mzee Tanbihi anakusalimu na bado anawakata watu maksi kwa nukta iliyokaa nje ya mabano. Haya, salamu zimetosha. Nina jambo linaninyima usingizi na ni wewe tu utakayelielewa bila kunipa pole za bure.

Nina kijana mmoja kwenye darasa la mbinu za utafiti. Mada yake ni jinsi ukosefu wa intaneti unavyowaathiri wanafunzi wanaosoma kwa njia ya mtandao. Mada nzuri, na haikutoka kwenye orodha ya mada za kurithishana. Wanafunzi wa kitivo chake ni 1,200. Akaichukua fomula ya Yamane ya kukadiria uwaulize watu wangapi, ile ambayo kila tasnifu inaivaa kama sare: 1,200 gawanya kwa moja jumlisha 1,200 mara 0.05 kipeo cha pili. Chini inatoka 4, jibu 300. Hesabu safi, haina doa. Akaunda dodoso kwenye Google Forms, na saa mbili usiku akarusha kiungo kwenye makundi ya WhatsApp. Kesho yake adhuhuri majibu yalikuwa yamefika 300. Akafunga fomu.

Umeshaona, au nikuache usome tena?

Amewatafuta watu wasio na intaneti kwa kutumia intaneti! Waliomjibu ni wale waliokuwa hewani usiku ule, wenye bando na simu yenye chaji. Na karibu wote wamesema upatikanaji wa intaneti kwao ni "mzuri" au "mzuri sana". Sura ya nne ikahitimisha kwamba tatizo halipo tena. Ameweka na chati duara ya rangi tatu, inapendeza kweli, unaweza kuitundika ukutani.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Kisha nikafungua ile orodha ya ukaguzi niliyoiweka kwenye Moodle, jukwaa letu la masomo ya mtandaoni. Swali la utafiti, vema. Sampuli, vema. Dodoso, vema. Alama zile za vema nani aliziweka? Mimi. Darasa lina wanafunzi 86, kila mmoja na vipengele vyake tisa, na jioni ile nilikuwa nabonyeza kama karani anayepiga muhuri. Niliiona 300, nikaona hesabu imekaa sawa, nikapita. Sasa zimebaki wiki tatu awasilishe.

Ndiyo maana nakuandikia. Lakini acha kwanza nitoe dukuduku.

Unakumbuka sisi tulivyokuwa tukirudufu madodoso? Kabla ya kurudufu nakala 300 ulilisoma swali lako mara kumi, maana ukikosea limekosewa mara 300, na wewe ndiye utakayeyabeba makaratasi yale. Sasa fomu inaundwa ndani ya dakika 10, na mtu anaanza na fomu kabla hajajua anauliza nini. Wiki ya pili tu wameshaniletea viungo. "Mwalimu, naomba ujaze dodoso langu." Swali lako la utafiti liko wapi? "Nitaliandika nikishaona majibu." Wallahi nimeambiwa hivyo.

Usinilishe maneno lakini, mimi si adui wa zana hizi. Kuna siku zimenifundishia kuliko mdomo wangu. Wiki ya tatu nilimpa kila mwanafunzi marejeleo mawili kutoka kazi ya mwenzake, achukue DOI, ile namba ya utambulisho ya makala, aiweke kwenye doi.org, aone inamfikisha wapi. Nyingine hazikufika popote. Moja ilifika: jarida lipo, juzuu lipo, kurasa zipo, ila kwenye kurasa hizo kuna makala ya watu wengine kuhusu mambo mengine kabisa. Mwenye kazi akasema ameipata "mtandaoni". Tulipombana, kumbe aliiomba akili mnemba imtafutie marejeleo, nayo ikamtungia. Sikumgombeza. Niliwasimulia tu habari ya wale mawakili wa New York waliotozwa faini ya dola 5,000 mwaka 2023 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Zoom ikanyamaza. Sio kile kimya cha kila siku cha "mnanisikia jamani?", hiki kilikuwa kingine. Siku mbili baadaye karibu darasa zima lilikuwa limeshaweka Zotero, programu ya kutunza marejeleo, na mimi nilikuwa nimewabembeleza tangu wiki ya kwanza.

Na lahajedwali! Hili usimwambie Mzee Tanbihi. Nilifungua lahajedwali la maksi za mazoezi, nikatuma kiungo darasani ili kila mtu aone namba yake, nikasahau kuondoa ruhusa ya kuhariri. Mmoja akataka kujua nani anaongoza, akapanga safu ya maksi peke yake kuanzia juu kwenda chini, safu nyingine zikabaki zilipo. Walioanguka wakaamka wamefaulu. Aliyekuwa na 31 akaniandikia kunishukuru kwa kumwelewa. Nilirudisha toleo la jana yake, lakini siku ile nikatupa somo nililoliandaa, tukakaa saa nzima juu ya jambo moja: mstari wa data ni mtu, ukiigusa safu moja tu umewakata watu vipande. Halafu mmoja akauliza, na hizo maksi zetu kuonekana na watu wote ilikuwa na ridhaa yetu? Nikakosa pa kujificha. Ni kweli, ningeyaona hayo kwenye dodoso la mwanafunzi ningemrudishia.

Turudi kwa kijana.

Nilimwita kwenye simu ya video, sikumwambia kosa lake. Nilimsimulia habari ya Literary Digest, lile gazeti la Marekani la mwaka 1936. Walituma kura za maoni milioni 10 kwa posta, wakapata majibu zaidi ya milioni 2, wakatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi waliyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na wakati ule wa dhiki aliyekuwa na simu na gari hakuwa kila mtu. Tena hata kati ya hao waliotumiwa, wengi hawakujibu. George Gallup, mpimaji wa maoni ya watu, aliuliza watu wachache mno kando yao, akapatia. Kijana akasikiliza vizuri, akaandika, akasema, "Kumbe walikosea sana, mwalimu." Basi. Akaniuliza kama aongeze rangi kwenye chati.

Nikamwambia, nitajie mwanafunzi mmoja unayemjua asiye na intaneti ya kuaminika. Akataja, bila kufikiri. Mwenzake wa chumba wa zamani, aliyerudi kwao, anayepakua mihadhara mara moja kwa wiki. Nikamwambia, nifungulie majibu yako, nionyeshe lake liko mstari wa ngapi. Akafungua. Akateremka. Nilikuwa naona macho yake yakishuka na skrini, mpaka mstari wa mwisho, kisha akapanda tena juu kama mtu aliyesahau funguo. Hakusema kitu kwa muda. Mimi nami sikusema, nilikuwa nawaza vile vidole vyangu vikibonyeza vema, vema, vema.

Fomula haikumwambia asimame watu wakifika 300. Ilimwambia awachague 300 kwa nasibu kutoka kwenye 1,200. Hilo lipo kwenye slaidi yangu ya 14, swahiba, kwa wino mwekundu. Nimeirudia ile rekodi ya muhadhara nikajisikiliza: nimelisema kwa sekunde nane, kisha nikatumia dakika 20 kuwaonyesha namna ya kubadili rangi ya kichwa cha fomu. Sasa nani wa kulaumiwa?

Usiku wa jana akanitumia ujumbe, saa sita kasoro: "Mwalimu, wale wasio na intaneti nitawapataje?" Nimeusoma mara nne. Mwaka mzima hakuwahi kuniuliza swali la utafiti.

Nimewaza njia mbili. Ya kwanza, aziache data zake kama zilivyo, abadili kichwa: isiwe tena wanafunzi wa kitivo, iwe wanafunzi waliomo kwenye makundi yale, na sura ya tano akiri wazi kwamba waliokosa intaneti hawakufikiwa. Ni halali, ni haraka, na atahitimu. Ila ile mada aliyoanza nayo inakuwa imekufa. Ya pili, aombe kibali cha kutumia orodha ya usajili, achague kwa nasibu watu 40, awapigie simu au awafuate, ajaze kwenye KoboToolbox, zana ya kukusanyia data ambayo inafanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye, kisha alinganishe hao 40 na wale 300 wa makundi. Hapo anaweza kupata jambo la kusema kweli. Lakini wiki tatu? Kibali peke yake kinaweza kula mbili. Moyo wangu uko kwenye ya pili, akili iko kwenye ya kwanza, na sipendi kumtwisha mtoto wa watu gharama ya sekunde zangu nane.

Muhula ujao nimeshaamua: hakuna anayegusa fomu kabla ya wiki ya sita. Kwanza sentensi moja, swali lako, kwenye waraka wa pamoja, wenzako watano walitoboe. Kisha maswali ya dodoso umsomee mtu kwa sauti umuulize ameelewa nini. Juzi mmoja alikuwa na swali "Je, mafunzo ya mtandaoni ni rahisi na yana manufaa? Ndiyo/Hapana", akamsomea dada yake. Dada akamjibu, "Yana manufaa lakini si rahisi, niweke wapi?" Alirudi darasani kanuna, swali limegawanywa mara mbili. Mimi ningelieleza hilo kwa slaidi tatu na asingelishika.

Sasa ombi. Wiki ya tisa nafundisha mahojiano, na wote wanadhani mhojiwa ni mtu anayezungumza kwa aya. Nataka uingie Zoom saa moja tu uwe mhojiwa mkorofi. Ule utaratibu wako wa kujibu "ndio" tupu na kuangalia dirishani. Usiwahurumie.

Na kijana je? Ungekuwa wewe ungempa njia ipi? Kwenu mnaruhusu mtu abadili kichwa baada ya kukusanya data, au lazima arudi kwenye kamati? Yule wetu wa takwimu bado yuko kwenye kamati ya maadili, anaweza kuniambia kibali cha orodha huchukua siku ngapi? Nikiri kwenye ripoti yake kwamba nilimpitishia, au ndiyo namharibia zaidi? Na wewe, hivi umewahi kupitisha kitu namna hii ukalala?

Nijibu kwa maneno, si kwa kidole gumba. Najua nimejitakia.

Wako,
mpiga muhuri