YAH: Wembe Butu, Mkanda Uliokatwa na Msimamizi Wenu, na Pesa Zangu

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini hamjambo na kazi zinaendelea vizuri. Zangu haziendi, na naomba uvumilivu wenu niseme kwa nini.

Nilinunua kwenu ile seti mnayoiita ya wanaoanza: wembe wa kukunja, mkanda wa ngozi wa kusugulia wembe kabla ya kunyoa, kinoo, brashi, sabuni na kipande cha shabu, lile jiwe la kupitisha usoni baada ya kunyoa. Sera ya kurudisha bidhaa mmeitunga wenyewe, kwa hiyo sitaikariri hapa. Nawakumbusha tu maneno mliyoyaweka juu ya boksi kwa herufi kubwa: "Umenolewa, tayari kwa kunyoa."

Haukunolewa. Ulikuwa na makali ya mashine tu, na anayefanya biashara ya nyembe hizi anajua kwamba makali hayo hayanyoi mtu mpaka yapande kinoo kwa ngazi, namba ikipanda kinoo kinakuwa laini zaidi: namba 1000 ya kuyatengeneza, kisha 4000, kisha 8000, na wengine humalizia na 12000. Nililoweka brashi, nikapaka povu, nikavuta ngozi ikakaza, nikaulaza wembe kwa nyuzi kama 30, yote kama kijitabu chenu kinavyoelekeza. Wembe ukawa unang'oa ndevu. Nilipopitisha shabu shavu zima liliwaka, na shabu haina upendeleo: panapowasha ndipo palipochubuka.

Kijitabu hichohicho kinasema makali yakifa mnunuzi "atumie kinoo kilichomo". Kinoo kilichomo ni 400 upande mmoja na 1000 upande wa pili. Hicho ni cha visu vya jikoni, Ndugu Meneja. Aliyekitia kwenye boksi la wembe ama hajawahi kunyoa, ama anajua na hajali.

Yote haya ningeyameza. Sikuja dukani kwenu kugombana, nilikuja na risiti, boksi na wembe, nikaomba nibadilishiwe. Msimamizi wenu wa zamu akauchukua wembe mkononi mwangu, akauburuza kwenye mkanda wangu mpya huku ametanguliza makali, akaukata mkanda mbele ya foleni nzima ya wateja, kisha akaandika kwenye risiti yangu: "Imeharibiwa na mteja."

Imeharibiwa na mteja!

Kwenye simu, baadaye, mhudumu wenu aliniambia "mfumo unaonyesha kesi imefungwa". Nani kaifunga? Nikapewa namba nyingine, na hiyo namba nyingine ikanirudisha kwake. Barua pepe zangu zinajibiwa na ujumbe uleule wa kunishukuru kwa kuwachagua.

Na kabla sijasahau, brashi. Mmeandika ni ya nywele za nguruwe. Niling'oa unywele mmoja nikauwasha kwa kiberiti, ukayeyuka na kuacha kitone kigumu. Nywele za mnyama zinaungua na kunuka, haziyeyuki. Ile ni nailoni. Halafu kuna hilo jina la Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe, lililobandikwa kwenye boksi kwa stika, wakati kwenye chuma chenyewe, pale kwenye shina la wembe, kati ya makali na mpini, ambapo mafundi hugonga muhuri wao, hakuna hata herufi moja. Jina la mji huo linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938, halibandikwi tu na kila mwenye gundi. Nani kawaruhusu?

Lakini narudi kwa msimamizi wenu, kwa sababu nikifumba macho ndiye ninayemwona. Nilimweleza kwa heshima kwamba wembe haukati hata nywele za mkononi. Hakunijibu mimi, alimgeukia mwenzake wa kaunta akasema, "Hawa wa kuangalia video hawa," wakacheka wote wawili. Akashika wembe kwa mpini, ukining'inia kabisa, si pale shinani unaposhikiwa. Nikamwambia, "Kaka, tafadhali, mgongo ndio unaotangulia, na ukigeuza unageuzia mgongo." Akasema, "Niachie, hii ni kazi yangu." Akasukuma makali mbele kwa nguvu. Nilisikia ngozi ikichanika. Mkato uko karibu na katikati ya mkanda, umekwenda kwa mshazari, na ulimi wa ngozi umenyanyuka kiasi cha kucha ya kidole gumba. Mkanda wa hivyo ukiupitishia wembe mwingine unaharibu na huo. Makali nayo yakaingia pengo linaloonekana kwa macho. Aliliona. Aliufuta wembe kwa shati lake, akaukunja, akachukua kalamu yangu, kalamu yangu mimi, akaandika yale maneno mawili matatu ya kunibebesha kazi ya mikono yake. Mama mmoja kwenye foleni alisema kwa sauti, "Lakini si umekata wewe?" Akaambiwa asubiri zamu yake.

Kamera ipo juu ya kaunta hiyo. Iangalieni.

Mwanzoni nilitaka wembe mwingine tu, ulionolewa kweli. Siutaki tena. Nataka pesa zangu zote za seti nzima, pamoja na sabuni ambayo haina kosa, kwa sababu sina cha kunyolea nayo. Nataka gharama ya kusafirishiwa mzigo. Nataka maandishi ya kwenye risiti yafutwe kwa maandishi mengine yenye muhuri wenu, yanayosema nani aliyekata mkanda. Na nataka msimamizi huyo aniombe radhi kwa barua yenye jina na sahihi yake, si ule ujumbe wenu wa kunishukuru.

Nawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nakala yake, picha za mkanda, za pengo, za kinoo na za stika yenu ya Solingen zitakuwa mezani kwa mamlaka ya kumlinda mlaji, na madai yangu mahakamani yatakuwa na fidia juu yake. Hapo msije mkanipigia simu kuniomba tuyamalize kiungwana, maana uungwana niliuleta dukani kwenu mkauchekea.

Wembe, mkanda na boksi vyote ninavyo. Mkitaka kuvikagua, mtume mtu anayejua kuushika wembe, na aje na hati ya malipo. Bila hiyo hagusi kitu.

Wenu,
Mteja mliyemwandika kuwa mharibifu.