Ofa ya mlo wa Kijapani: punguzeni sahani, si upishi

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Habari yenu ya kuusifu ule mlo wa Kijapani wa watu wawili, sahani saba kwa nusu bei, imenichosha kunyamaza. Mwandishi wenu alihesabu sahani, lakini kilichomo ndani yake hakukiangalia.

Wali wa sushi, yaani wali wa siki unaofinyangwa na kuliwa na samaki, ni wa mchele mfupi wa duara, unaokoshwa mpaka maji yatakate, ukarowekwa nusu saa. Ukishaiva hupakuliwa kwenye chombo kipana cha mbao na kuchanganywa na siki ya mchele, sukari na chumvi huku ukipepewa. Vikombe vitatu vya mchele hutaka theluthi moja ya kikombe cha siki, vijiko vitatu vya chakula vya sukari na kimoja cha chai cha chumvi. Huliwa ukiwa na uvuguvugu. Ukitiwa friji, wanga hukaza na punje huwa ngumu ndani. Ukitumia basmati, punje haziwezi kushikana, hata uzigandamize vipi. Hoteli moja ya Mji Mkongwe yenye ofa kama hiyo ilituletea sushi baridi iliyovunjika kabla ya kufika mdomoni, na tempura ya kamba, yaani kamba waliochovywa kwenye unga na kukaangwa, iliyolazwa juu ya saladi mpaka ganda likalowa. Unga wa tempura hukorogwa kidogo tu kwa maji ya barafu, na mabonge yakibaki yaachwe. Ukikorogwa sana huvutika kama wa chapati. Mafuta yawe nyuzi 170 hadi 180, na kamba aliwe pale pale anapotoka. Mlo huu huja sahani moja moja, wali, supu ya miso (soya iliyosagwa na kuchachushwa) na achari vikija karibu na mwisho. Sisi tulimwagiwa vyote mezani kwa mkupuo, na miso ilikuwa imetokota mpaka harufu imekwisha, wakati miso huyeyushwa moto ukiwa umeshazimwa.

Kubwa zaidi ni mirin, kile kileo kitamu cha mchele cha kupikia. Ile halisi ina pombe kiasi cha asilimia 14, nayo huingia kwenye teriyaki, ile sosi tamu ya kupaka nyama au samaki, na kwenye sosi ya kuchovea tempura. Menyu haikusema neno. Ofa inatangazwa kwa wenyeji, katika mji wa Waislamu, halafu mteja anaachiwa abahatishe! Teriyaki ya sosi ya soya, sukari na tangawizi bila mirin inapikika vizuri, basi wapike hiyo na waiandike.

Na huko madikoni nako kutazamwe. Jodari, ambaye mlo huu humleta mbichi, akiachwa juani, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na hiyo haiondoki kwa kupika wala kugandisha. Mlaji huwaka uso, kichwa kikamgonga, moyo ukamwenda mbio, akaambiwa ana mzio wa samaki. Jodari wa kuliwa mbichi lazima awe kwenye barafu tangu kwenye chombo cha uvuvi.

Kwa hiyo kila ofa ibandikwe mlangoni karatasi yenye mambo manne: aina ya mchele, saa uliyopikwa, mirin ipo au haipo, na jodari alitiwa barafu saa ngapi. Mwandishi wenu apewe kipimajoto. Na nusu bei ikiwabana, walete sahani nne: supu, jodari, kamba na wali, kila moja kwa wakati wake.

Msomaji wenu,
Kikwajuni, Unguja