Yaya, parsele ya baba ni miye niliuza

Yaya, kaka yangu mukubwa, simu yangu umeibloke, mesaji hausome, na juzi mutoto wako ananiambia papa amesema tusikupokee. Basi nakuandikia hapa, watu wasome wakitaka, maana najua weye usiku haulali bila kupitapita kwa simu.

Nimesikia unapanda tena ngazi za kanisa bila kusimama. Nimefurahi mpaka machozi, sikudanganye. Mwaka ule ulikuwa unasimama kila hatua tatu unajifanya unatafuta funguo mufukoni, na sisi wote tulijua hakuna funguo.

Na kilio ya mama je? Tanti alikushika mukono mbele ya watu, akaugeuza, akasema hii si mikono ya mutoto wa dada yangu, huyu amekula dawa ya uchawi ya kupata franka. Viatu vimetoka 42 vimefika 46, taya limetoka mbele, sauti nzito, unakoroma halafu pumzi inakatika, bibi yako anakuamsha. Pete ya ndoa ilikuwa imekatwa na fundi kidole kisioze. Na miye nilikaa pale kwa mukeka nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Kuuza parsele, kile kiwanja cha baba, sikubali ni kosa.

Maana nani aliingia na weye kwa munganga? Ni miye. Alisema kuna kauvimbe kwa kile kitezi kidogo chini ya ubongo, kanamwaga homoni ya kukuza mwili wakati weye ulishamaliza kukua zamani. Ugonjwa huo munganga Pierre Marie aliupa jina, akromegali, 1886 kule Ufaransa, Lubumbashi yenyewe haijazaliwa, sasa tanti ataniambia huo uchawi ulitoka Katuba gani? Kisha munganga wetu akatuonyesha eko, ile picha ya moyo unavyopiga. Moyo nao ni nyama, umekua pamoja na mikono, kuta zimekuwa nene na ngumu, hazilegei vizuri damu iingie, njo maana miguu inavimba na usiku unalala umekaa. Nikamuuliza utarudi? Akasema mara nyingi homoni ikishuka moyo unapungua, ila kama muntu bado kijana na ugonjwa haujakaa miaka mingi, na valvu ikiharibika hiyo hairudi kirahisi. Ulisikia? Miaka mingi. Weye ulikuwa na nane tayari! Ningengoja kikao cha familia, tanti na wajomba wabishane mpaka Pasaka?

Niliuza. Wakakutoa maji kwanza, moyo ukatulia kidogo, ukaenda India wakapita puani wakatoa kale kauvimbe, hata kichwa hawakukupasua.

Sasa siku ile ulirudi, pale uwanja wa ndege wa Luano. Nilipika bukari (ugali) na bitoyo, samaki ya chumvi, nikafunga vizuri, nikaja na moto wake. Ukatoka, uso umepungua, midomo imepungua, nikasema Mungu mukubwa. Haukunisalimia. Uliuliza tu, funguo ya parsele iko wapi. Nikakuambia. Ukaniangalia hivi, ukasema, "Mungeniacha nikufe kwa nyumba ya baba." Ukapita. Nikabaki na sahani imefungwa, watu wa taksi wananiangalia, nikapanda basi nikakula ile bukari peke yangu nalia kama mujinga. Hiyo yaya siwezi kuiachilia, nimeombea, inarudi.

Eko ya miezi sita kisha operesheni bibi yako alinisomea kwa simu kwa siri, kuta zimepungua, moyo unajaa vizuri. Nani alilipa hiyo? Ile parsele na muembe wa baba njo ililipa. Na sasa nasikia dawa ya tansyo, ya presha, unaruka siku, na damu ya homoni ya mwaka huu haujapima, ati umepona. Taya halirudi, miguu itabaki 46, lakini kale kauvimbe kanaweza kurudi, lazima upime. Bitoyo nayo upunguze, chumvi mingi, hata kama ni miye nilikuletea.

Vipande vya pete viko kwangu, bibi yako alinipa nitunze. Vidole vimepungua, anasema. Fundi wa Kamalondo anaweza kuunga, anataka tu kipimo cha kidole. Funga uzi, mupe mutoto alete.